Alama Tatu

Kilo tatu na nusu, bila mkanda.
Tuliipima kwenye mizani ya sufu, mimi na baba,
mwaka ule jeshi lilipofunga kambi ya mpakani
na nahodha akamwachia darubini
badala ya mishahara ya miezi saba.
Ubavuni imechongwa 0417.
Nasikia zilitengenezwa chache, na nyingi zilizama na manowari.
Hii ilifichwa kwenye pipa la ngano, kisha ikafukuliwa;
sasa inaning'inia msumarini hapa Ajyguy,
kando ya ufagio.

Ndani ya jicho la kulia mna ngazi ya mistari,
myembamba kama unywele wa kitoto kichanga.
Nilifundishwa kuisoma nikiwa na miaka tisa:
ngamia ana mita mbili begani;
akijaza alama tano, gawanya, zidisha kwa elfu,
yuko mita mia nne, nenda kamlete.
Mtu aliyesimama, alisema baba, mhesabie mita moja na sabini.
Na aliyelala?
Baba akaomba chai.

Mwezi wa saba Karakum hufika nyuzi arobaini na tisa.
Chuma hakishikiki; nimeishonea koti la sufu nyeupe.
Mpira wa kuegemezea jicho hulainika kama ubani uliotafunwa,
huniachia pete nyeusi usoni, na wanangu huniita bundi.
Grisi huwa maji,
gurudumu la kulengea likajizungukia kama kichwa cha mlevi.
Gundi iliyoshika vioo imeanza kuchanua pembeni
ua dogo la rangi ya chai.
Lakini ndani hakuna vumbi, hata chembe:
mna hewa kavu ya kiwanda kisichokuwapo tena,
cha nchi isiyokuwapo tena.

Alikuja Dowran kutoka Ashgabat, mnunuzi wa vya kale,
na glavu zake, na gari lake lenye kipoza hewa.
Akatazama saa saba mchana.
Akaona ziwa. Akaona miguu ya ngamia ikielea
na ngamia hayupo.
"Mbovu," akasema, akakata nusu ya bei.
Nikamwambia, kioo ni kizima, hewa ndiyo inayotetemeka;
ukivuta mbali mara ishirini
umevuta na mtetemo mara ishirini.
Lala hapa, utazame alfajiri.
Alfajiri akahesabu kope za Akmaya ng'ambo ya bonde
akapandisha bei mara tatu,
hata glavu kasahau kuvaa.

Baba alikuwa ameketi kwenye zulia,
macho yake mawili yameganda kama maziwa.
"Haiuzwi," akasema. "Sijamaliza kutazama."

Dowran alipoondoka ndipo aliponiambia.
Julai moja, zamu yake mnarani, saa nane mchana,
kitu chembamba katikati ya ziwa lile la uongo,
kikikatika kiuno, kikiungana, kikikatika.
Alifuta vioo. Alifunga jicho moja, akafunga jingine.
Akaandika kwenye daftari la zamu: kichaka cha saksauli.
Akatia sahihi, Nuryagdy, kwa mwandiko mzuri.
Jioni hewa ilipotulia
kichaka hakikuwapo.

Tangu siku hiyo, jua likiwa utosini,
ananituma juu ya paa.
Unaona nini, Ogulgerek?
Naona ziwa, baba.
Na ndani yake?
Ningeweza kusema hakuna kitu.
Nashika koti la sufu, jasho linanichoma jicho,
upeo wote unachemka kama sufuria ya mchele.
Kuna kichaka, baba.
Alama ngapi?
Tatu. Labda tatu.
Nasikia midomo yake ikihesabu kule chini.
Kichaka hakina kimo maalumu, saksauli hukua kitakavyo,
lakini yeye anagawanya moja na sabini.
"Mita mia tano sitini na saba," anasema,
na mkono wake unapapasa sakafuni kutafuta kiriba.
"Nenda. Chukua na maji."